Mfuko wa Katikati

Alikuja mwezi wa tatu, mvua ikigonga bati la kibaraza,
mfuko wa rambo kaukumbatia kama mkate wa moto.
Msimu wa korosho ulishapita, Chikongola nzima haina hela,
nami nilikuwa natia viraka suruali za shule.
"Fundi Chilumba, nishonee bendera."

Kijani. Nyeupe. Nyekundu. Mita moja moja;
ile nyekundu ina mng'ao wa gauni la harusi,
ndiyo pekee iliyobaki dukani.
"Na hapa kati niweke nini?" nikauliza, chaki mkononi.
Akaitazama mvua.

Golnazi, binti wa injinia wa gesi kule Madimba.
Kwao katoka na miaka minne.
Anakumbuka nini? Zulia, akasema.
Na kikohozi cha babu nyuma ya mlango.

Baba anataka nembo ya sasa:
pasipoti ni pasipoti, na ubalozi una macho.
Kaka yuko Uswidi, anataka simba na jua.
Akanionyesha kwenye simu. Simba kashika upanga.
Nikacheka, Mungu anisamehe:
"Mwanangu, simba ana kucha, upanga wa nini?"
Akacheka naye, kisha cheko likamkatikia njiani.
"Kwa huyu simba, fundi, baba na kaka
hawajasemeshana tangu mwaka juzi."
"Na mama?"
"Mama anasema tule kwanza."

Mwinyihamisi, muuza zipu, akadakia kutoka meza ya pili:
"Mimi Mshirazi bwana, asili yangu huko huko kwenu!"
"Shirazi sijafika hata siku moja," binti akasema.
"Wala mimi."
Wakatazamana kama ndugu waliokutanishwa na msiba.

Nikakanyaga pedeli. "Hii mnaiitaje?"
"Cherehani."
Akalirudia taratibu, akilionja kwenye ulimi.
"Charkh. Gurudumu. Fundi, hili neno letu!"
"Mimi nalijua la Chikongola," nikamwambia.
Lakini alishainama, anaokota:
pamba, rangi, dirisha, bandari,
kama mtoto chini ya mikorosho baada ya mavuno,
anayepata zile walizozipita wakubwa.

Kuna jambo sikumwambia.
Bibi yangu alivuka Ruvuma na nembo yake usoni,
chale za pembe pembe, kutoka paji hadi kidevuni.
Hakuna serikali iliyoweza kuishusha.
Nilipokuwa na miaka kumi nilimsindikiza Ligula, hospitali,
wauguzi wakamtazama, wakanong'onezana,
nami nikatangulia hatua sita mbele
ili nionekane nimekuja peke yangu.
Uso wangu mtupu kama sahani iliyooshwa.
Ila nikichora kwa chaki pasipo kufikiri
mkono huenda pembe, pembe, pembe,
na wateja hudhani ni mtindo wa fundi.

Mvua ikapungua. Nikaunganisha kijani na nyeupe,
nyeupe na nyekundu, mshono wa kulala, usifumuke.
Katikati peupe, pana, kama uwanja kabla ya mechi.
"Acha hivyo?"
Akapima kwa kiganja. "Nitilie mfuko. Kwa ndani, usionekane."
"Mfuko wa kutia nini?"
"Bado."

Nimeshona mifuko ya kila namna miaka thelathini:
ya wachukuzi, ya mashekhe, ya mgambo, ya wezi pia,
wote walijua watakachotia.
Huu niliupiga mshono mara mbili.

Keshokutwa ndiyo sikukuu yao, mwaka unageuka.
Nikasema, Nairuzi; bibi wa mke wangu, wa Mikindani,
alikuwa akiihesabu kwa vidole.
Hakunijibu. Alikuwa anaukunja ule mzigo
kwa namna ya mtu anayekunja nguo za mgonjwa.

Alinipa elfu kumi, akasahau chenji.
Iko kwenye kopo la vifungo, namngoja.
Na kile kipande cheupe kilichobaki
nimekitia mfukoni mwa suruali ya darasa la tatu,
mtoto wa Bi Somoe, yule apotezaye kila kitu.